Vesak: sikukuu moja, tarehe saba

Mwaka 2023 Wabudha wa Japani walisherehekea kuzaliwa kwa Buddha tarehe 8 Aprili. Sri Lanka, India na Nepal walingoja hadi tarehe 5 Mei. Hong Kong ilikuwa tarehe 26 Mei, Korea Kusini tarehe 27. Singapore walipumzika tarehe 2 Juni, Thailand tarehe 3, Indonesia tarehe 4. Kati ya wa kwanza na wa mwisho ilipita karibu miezi miwili, na hakuna aliyemwambia mwenzake kuwa amekosea.

Sisi ambao kila mwaka tunabishana kuhusu mwezi wa Idi, huyu bado kafunga na jirani yake keshapika pilau, jambo hili si geni kwetu. Ila ubishi wetu ni wa siku moja, mara chache mbili, na kiini chake ni nani kauona mwezi na kauonea wapi. Tofauti ya Wabudha haitokani na macho, inatokana na hesabu. Na ukiifuata hesabu hiyo hadi mwanzo wake unafika kwenye swali gumu zaidi: siku hii inakumbuka nini, na nani aliamua kwamba ndiyo yenyewe?

Tuanze na wanachokumbuka. Kwa Wabudha wa madhehebu ya Theravada, ambao wengi wao wako Sri Lanka, Thailand, Myanmar, Kambodia na Laos, Vesak hukusanya mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni kuzaliwa kwa Siddhartha Gautama katika bustani ya Lumbini, sehemu ambayo leo iko Nepal. La pili ni kuzinduka kwake kiroho akiwa na umri wa miaka 35, chini ya mti huko Bodh Gaya, Bihar nchini India. Ni baada ya hapo ndipo alipoitwa Buddha. La tatu ni kufariki kwake Kushinagar, kaskazini mwa India, akiwa na miaka 80. Yote matatu, wanasema, yalitokea usiku wa mwezi mpevu wa Vaishakha, mwezi wa kalenda ya India unaoangukia Aprili na Mei. Jina Vesak limetoka hapo.

Msiba kutiwa ndani ya sherehe kunaweza kumshangaza mtu aliyezoea kutenganisha maulidi na matanga. Katika mafundisho yao, kifo cha Buddha ni kutoka kabisa katika mzunguko wa kuzaliwa, kuteseka, kufa na kuzaliwa tena. Alichokitafuta maisha yake yote kilitimia siku hiyo, kwa hiyo haiwi siku ya kulia.

Wabudha wa Mahayana, ambao ndio wengi China, Korea, Japani na Vietnam, hawakuyafunga mambo hayo matatu pamoja. Kwa hesabu ya Kichina, kuzaliwa ni siku ya 8 ya mwezi wa 4, kuzinduka ni siku ya 8 ya mwezi wa 12, na kufariki ni siku ya 15 ya mwezi wa 2. Ndiyo maana Hong Kong na Korea husherehekea mwezi ukiwa bado nusu, wakati jirani zao wa kusini wanangoja ujae. Hapo tayari tuna sikukuu mbili zinazotajwa kwa jina moja kwenye magazeti: moja ya kuzaliwa tu, na nyingine ya mambo matatu.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa sina budi kwenda polepole kwa sababu ndipo wengi wanapopotea.

Miezi 12 ya kuandama ina siku 354. Mwaka wa jua una siku 365. Kila mwaka zinapungua siku 11. Kalenda ya Kiislamu inaziacha zipungue, ndiyo sababu Ramadhani huzunguka misimu yote: ukiishi vya kutosha utafunga kiangazi na utafunga masika. Wahindi na Wachina hawakukubali hivyo, kwa sababu sikukuu zao zilikuwa zimeshikana na kilimo na mvua. Dawa yao ilikuwa kuongeza mwezi mzima wa 13 kila baada ya miaka miwili au mitatu, jumla miezi 7 katika kila miaka 19. Hapo mwaka unarudi mahali pake.

Tatizo ni kwamba kila kalenda ina kanuni yake ya wapi mwezi huo wa ziada unachomekwa. Mwaka 2023 ulikuwa mwaka wa kuongeza karibu kote Asia. Kalenda ya Kichina iliurudia mwezi wa pili, kati ya Machi na Aprili, yaani kabla ya sikukuu. Kila kilichokuwa mbele kikasukumwa, na mwezi wa 4 ukaanza tarehe 19 Mei. Kalenda ya India nayo iliongeza mwezi, lakini Julai, wakati Vaishakha umeshapita zamani. Kwa hiyo India, Nepal na Sri Lanka walibaki na mwezi mpevu wa tarehe 5 Mei. Thailand nao huongeza karibu Julai, kwa kuurudia mwezi wa 8. Kwa mantiki hiyo wangebaki Mei. Ila wana kanuni nyingine juu ya ile: mwaka wenye mwezi wa ziada, Vesak huhamishwa kutoka mwezi mpevu wa 6 kwenda wa 7. Wakajikuta Juni.

Je, Hong Kong na Korea, wanaotumia kalenda ileile na kusherehekea siku ileile ya 8, walitofautianaje kwa siku moja? Kisa hiki mimi nakipenda kuliko vyote. Mwezi wa Kichina huanza siku ambayo mwezi unapita kati ya dunia na jua, hata kama hakuna anayeweza kuuona. Mwezi huo wa Mei 2023, jambo hilo lilitokea saa 5 na dakika 53 usiku kwa saa za Beijing. Zilibaki dakika 7 tarehe 19 iishe. Seoul wako saa moja mbele, kwao ilikuwa tayari saa 6 na dakika 53 usiku, tarehe 20. Mwezi wa 4 ukaanza China tarehe 19 na Korea tarehe 20, na siku ya 8 ikaangukia tarehe 26 kwa hawa na 27 kwa wale. Mbingu ilikuwa moja na kanuni ilikuwa moja, lakini saa za ukutani zikawatenganisha.

Singapore nao walichukua tarehe ya 15 ya mwezi huohuo wa Kichina, ikatoka 2 Juni. Indonesia hawana habari na hayo: wao hupiga hesabu ya dakika ambayo mwezi unakuwa mpevu kabisa, na mwaka ule ilikuwa Jumapili tarehe 4 Juni, saa 4 na dakika kama 40 asubuhi kwa saa za Java. Waumini huingoja dakika hiyo kwa utulivu kwenye hekalu kubwa la Borobudur, baada ya maandamano yanayoanzia hekalu la Mendut. Mwezi wenyewe wakati huo uko upande wa pili wa dunia, hauonekani. Hakuna anayejali.

Na Japani? Hiyo ni ya serikali. Japani iliachana na kalenda ya mwezi na kuanza kutumia ya Kizungu tarehe 1 Januari 1873. Sikukuu nyingi ziliachwa na namba zake zilezile: siku ya 8 ya mwezi wa 4 ikawa 8 Aprili, basi. Mwezi uwe mpevu, uwe umefifia, siku hiyo mahekaluni huwekwa sanamu ndogo ya mtoto Buddha, kidole kimoja juu na kingine chini, ndani ya kibanda kilichopambwa maua. Watu hupanga foleni na kumwagia sanamu hiyo chai tamu ya majani ya mmea uitwao amacha kwa kutumia upawa mdogo. Kwa watoto, sehemu tamu zaidi ni ile chai wanayopewa kunywa baadaye.

Baada ya kuona hivyo, mtu huuliza: basi ipi ni tarehe ya kweli? Jibu ni kwamba hakuna anayeijua, na maandiko ya zamani hayakujishughulisha sana nayo.

Ushahidi wa kale zaidi ulioandikwa kuhusu kuzaliwa kwa Buddha ni nguzo ya mawe iliyosimamishwa Lumbini na mfalme Ashoka, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na kugunduliwa upya mwaka 1896. Maneno yake ni machache. Mfalme, katika mwaka wa 20 wa utawala wake, alikuja mwenyewe kuhiji kwa sababu Buddha alizaliwa hapa; na kwa hiyo kijiji cha Lumbini kimesamehewa kodi, kitatoa sehemu moja tu ya nane ya mavuno. Mahali pametajwa, kodi imetajwa, siku haikutajwa. Hata mwaka wa kufa kwake una mgogoro: mapokeo ya Theravada yanasema karibu mwaka 544 kabla ya Kristo, wakati wanahistoria wengi wanaiweka karne ya 5 na wengine hadi karibu mwaka 400. Wakati hata mwaka haujulikani, kujua usiku ni shida.

Kilicho cha kale kweli ni utakatifu wa mwezi mpevu, nao ni wa kale kuliko Ubudha. Vitabu vya kanuni za watawa vina simulizi yake. Mfalme Bimbisara wa Magadha, ufalme wa kale wa India, aliona kwamba watawa wa madhehebu mengine hukutana siku ya 8, ya 14 na ya 15 ya nusu-mwezi kuhubiri, na watu wanawafuata kwa hilo. Akaenda kwa Buddha kumshauri kwamba watawa wake nao wafanye hivyo. Buddha akakubali. Watawa wakakusanyika, wakakaa kimya, hawakusema neno. Watu waliokuja kusikiliza wakakasirika: hawa wamekaa kama nguruwe bubu! Ndipo Buddha akawaruhusu wahubiri, na baadaye kukariri kanuni zao, ambazo kwa Theravada ni 227. Yaani siku yenyewe takatifu ya Wabudha iliazimwa kwa majirani, kwa ushauri wa mwanasiasa aliyeona washindani wanavuta watu. Nafurahi kwamba waliotunza maandiko hayo hawakuona aibu kulisema.

Juu ya msingi huo, Sri Lanka ndiko tunakokuta mapokeo ya matukio matatu yakishikiliwa kwa nguvu. Mahavamsa, kitabu kikuu cha historia ya wafalme wa kisiwa hicho kilichoandikwa yapata karne ya 5, kinahesabu sherehe za Vesak miongoni mwa mema ya mfalme Dutthagamani, aliyetawala karne ya 2 kabla ya Kristo. Lakini India kwenyewe makubaliano hayakuwepo. Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyezunguka huko katika karne ya 7, aliandika bila kuchukua upande kwamba wengine wanasema Buddha alizaliwa siku ya 8 ya nusu ya pili ya Vaishakha, na wafuasi wa Sthavira, madhehebu ya kale ya Kibudha, wanasema ya 15. Kuhusu kufa kwake, kuna waliotaja Vaishakha na waliotaja Karttika, mwezi ulio nusu mwaka mbali. Kwa hiyo tofauti za leo hazikuletwa na kusahau. Zilikuwepo tangu zamani, na kila msafara wa watawa ulibeba mapokeo yake kuelekea nchi ulikokwenda.

Basi Vesak kama sikukuu ya Wabudha wa dunia nzima, yenye bendera na salamu za Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilitoka wapi? Ilitoka Colombo, na ilitokana na ghasia.

Chini ya Waingereza, Ceylon, kama ilivyoitwa wakati huo, ilipumzika Krismasi na Pasaka, lakini Vesak haikuwa siku ya mapumziko, ingawa Wabudha ndio waliokuwa wengi. Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1883, maandamano ya Wabudha yakielekea hekalu moja la mtaa wa Kotahena, karibu na kanisa kuu la Katoliki, yalishambuliwa na umati wa Wakatoliki. Hakuna aliyeadhibiwa. Wabudha wakaunda kamati ya kujitetea, na mwaka uliofuata wakamtuma London mtu wa ajabu kidogo: Henry Steel Olcott, kanali Mmarekani aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kwao, ambaye mwaka 1880 alikuwa amekula kiapo cha Kibudha katika mji wa Galle. Madai mengi aliyopeleka yalijibiwa nusunusu. Moja lilipatikana: kuanzia mwaka 1885 Vesak ikawa siku ya mapumziko. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, Vesak ya kwanza ya mapumziko, bendera mpya ilipandishwa palepale Kotahena na mtawa Migettuwatte Gunananda, mhubiri mkali aliyekuwa maarufu kwa midahalo yake na wamisionari.

Bendera hiyo ndiyo unayoiona leo katika mahekalu ya Wabudha karibu kote duniani: mistari ya buluu, manjano, nyekundu, nyeupe na rangi ya chungwa, na mstari wa sita unaozichanganya zote. Wengi huidhani ni ya miaka elfu mbili. Ilibuniwa na kamati ya Colombo, na Olcott aliirekebisha ukubwa ili iweze kupeperushwa kama bendera nyingine yoyote. Katika miaka hiyohiyo zikaja kadi za Vesak na vikundi vya waimbaji, vilivyofuata mfano wa Krismasi waziwazi. Sioni kwamba hilo linaipunguzia sikukuu uzito wake. Watu walionyimwa siku yao kwa sababu ya dini ya mtawala waliitumia mikakati ya mtawala huyohuyo kuidai, wakashinda.

Mwaka 1950 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Kandy na kuunda Ushirika wa Wabudha Duniani, uliokubaliana kuitambua Vesak kwa pamoja. Miaka miwili baadaye ushirika huo uliikubali ile bendera. Sri Lanka yenyewe ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1966 serikali ilifuta mapumziko ya Jumapili na kuweka badala yake siku za robo za mwezi: mwandamo, nusu, mpevu na nusu ya pili. Wiki ya kazi ikawa haina urefu mmoja, mara siku hizi, mara zile, na wafanyabiashara waliokuwa wakiandikiana na London hawakujua lini ofisi iko wazi. Mwaka 1971 Jumapili ilirudi. Siku ya mwezi mpevu ilibaki, na hadi leo kila mwezi mpevu nchini humo ni mapumziko na pombe haiuzwi.

Ya Vesak ndiyo kubwa kuliko zote. Alfajiri watu wa rika zote huenda hekaluni wakiwa wamevaa nyeupe tupu na kuchukua miiko minane kwa siku nzima: kutoua, kutochukua kisicho chako, kujizuia na tendo la ndoa, kutosema uongo, kutokunywa kileo, kutokula baada ya saa sita mchana, kuacha ngoma na mapambo, na kutolalia kitanda cha fahari. Hao ni wacha Mungu, kama tungewaita sisi, ingawa Mungu muumba hayumo katika mafundisho yao. Wengine husubiri jioni. Kila nyumba huning'iniza fanusi za fito za mianzi zilizowambwa karatasi laini za rangi. Njia panda za miji husimamishwa majukwaa marefu kama ghorofa, yenye maelfu ya balbu zinazowaka kwa kupokezana na picha zinazosimulia kisa kimoja cha maisha ya Buddha ya kabla ya haya, huku kipaza sauti kikighani beti zake.

Na kuna dansala. Ni vibanda vya kando ya barabara ambavyo mtaa, kiwanda au kundi la marafiki hujichangisha na kugawa chakula bure kwa yeyote apitaye, bila kuuliza dini wala kabila. Wengine hutoa wali na mchuzi, wengine kahawa, wengine aiskrimu. Kinachopendwa sana ni muhogo wa kuchemsha na kachumbari kali ya pilipili na vitunguu, kitu ambacho mtu wa Tanga au Lamu angekaa chini akala bila kuelezwa. Vijana husimama katikati ya barabara na kusimamisha magari wakisihi watu washuke wale. Atoaye ndiye anayebembeleza, kwa sababu thawabu ni yake.

Afrika Mashariki nayo ina kipande chake. Katika Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, waliofika kufanya kazi mwanzoni mwa karne iliyopita, linalohesabiwa miongoni mwa makongwe kabisa barani. Uani kuna mti wa bodhi, jamii ya mtini, wa aina ileile ambayo Buddha alikaa chini yake. Kwa kuwa ni la mapokeo ya Sri Lanka, ukitaka kujua lini Vesak yao tazama kalenda ya Colombo, si ya Bangkok wala ya Beijing.

Umoja wa Mataifa nao ulijichagulia siku Desemba 1999, Baraza Kuu lilipopitisha azimio namba 54/115, lililoombwa na Sri Lanka pamoja na nchi nyingine. Liliitambua siku ya mwezi mpevu wa Mei. Ni maneno mepesi, na miaka mingi yanatosha. Lakini kalenda ya Kizungu haifuati mwezi, na mara mojamoja Mei hupata miezi mipevu miwili. Mwaka 2026 ni mmoja wa miaka hiyo: wa kwanza tarehe 1, wa pili tarehe 31.